Jina Langu Juu ya Mlango wa Evaristi

Jumapili, 8 Juni

Mume wangu. Mume wangu. Mume wangu. Nimeandika mara tatu kwa raha tu. Juzi nilikuwa Esperance wa Kibondo, binti wa watu. Leo ni mke wa Evaristi wa Kasulu, mwanamume mwenye masikio mazuri kuliko wote mkoa wa Kigoma. Jana kanisani jua liliyapiga kwa nyuma yakawa mekundu kama vioo vya dirisha. Nusura nisahau kusema ndiyo.

Kwa desturi yetu, sisi ambao babu zetu walitoka Burundi, bibi harusi hatoki ndani mpaka ndugu zake waje kumtwikurura, yaani kumtoa nje rasmi mbele ya watu. Ndugu zangu watakuja Jumamosi. Mpaka siku hiyo sifagii, sipiki, sichoti maji. Nakaa. Napendeza. Mama mkwe, Mama Therese, analinda mlango. Wifi Divine, dada yake Evaristi, ananiletea chakula.

Kitu kimoja tu kinanisumbua, nacho ni ubao.

Evaristi ana kibanda cha gemu karibu na stendi. Wiki hii kinapigwa plasta, kwa hiyo mtambo wote umehamia kwenye chumba chetu: televisheni kubwa, usukani wa kushika kwa mikono miwili, pedeli za breki na mafuta, na kiti kilichong'olewa kwenye gari bovu. Unaendesha gari la bluu kwenye televisheni, mzunguko mmoja, kona kumi na moja, na mashine inahesabu muda na kuuandika kwenye ubao wa majina. Anayeongoza Kasulu nzima ni Divine: dakika moja na sekunde thelathini na nane. Evaristi mwenyewe 1:42.

Sasa. Mwezi wa kwanza, kabla hajanijua vizuri, Evaristi aliwatangazia wateja wake kwamba kibanda kikishapendeza, juu ya mlango litaandikwa jina la mwenye muda mdogo kuliko wote. Hilali, fundi wa kuandika mabango, anakuja Jumamosi saa sita mchana. Jumamosi! Basi la Kibondo linashusha watu mbele ya mlango ule ule. Shangazi Dorcas, ambaye alilia wiki nzima kwamba naolewa mbali ambako hakuna anayenijua, atashuka, atainua macho, atasoma jina la mtu mwingine.

Au atasoma langu.

Nilimuuliza Evaristi, kwa sauti ya mtu anayeuliza hali ya hewa, inachukua muda gani mtu kuwa na kasi kwenye mchezo ule. Akasema kufika 1:50 ilimchukua miezi minne ya kucheza jioni jioni. Kutoka hapo hadi 1:42, mwaka mzima. Divine miaka miwili. Akasema sekunde za mwanzo zinadondoka zenyewe kama parachichi zilizoiva, lakini za mwisho unazichimba kama kisima.

Maskini mume wangu. Wakati huo alikuwa hajapenda. Mimi nina siku sita.

Mzunguko wa kwanza nimetumia 3:20. Sehemu ya muda huo nilikuwa nimegeuka nyuma bila kujua. Mandhari ni nzuri sana upande ule pia.

Jumatatu, 9 Juni

Evaristi ameondoka asubuhi kwenda kusimamia mafundi wa plasta. Amenibusu kwenye paji la uso. Nimekaa dakika tano nikiwa nimeshika paji la uso, kisha nikawasha mtambo.

Nimegundua tatizo la jana. Viatu! Nilikuwa na viatu vya harusi, kisigino kikaingia katikati ya pedeli mbili nikawa nakanyaga zote kwa pamoja. Leo miguu mitupu. Nimeweka mto mgongoni. Nimevua bangili. Nimepata 2:31.

Saa nane mchana balaa. Mzee Ndayiragije, jirani yetu wa nyuma ya ukuta, alikuja kumuuliza Mama Therese kwa adabu kwa nini Evaristi amefungia pikipiki chumbani kwa bibi harusi. Alisema inanguruma tangu asubuhi, na mara nyingine inagonga kitu. Mama Therese akamjibu kwamba mukazana wake, yaani mke wa mwanawe, amepumzika na hakuna pikipiki. Mzee akasema basi amepumzika kwa kishindo.

Mama akafungua mlango. Sikuwahi hata kujifunika kitenge. Aliniangalia, miguu mitupu kwenye pedeli, jasho puani. Akaiangalia televisheni, ambako gari langu lilikuwa limelala ubavu kwenye majani.

Nilimwambia ukweli wote. Kwamba ni siri. Kwamba namtaka Evaristi aone Jumamosi asubuhi. Alifunga mlango polepole, akavuta kigoda, akakaa nyuma yangu.

“Piga honi kabla ya kona,” alisema.

Mama Therese aliuza ndizi miaka kumi na mbili, akipanda malori kutoka Manyovu, na anasema dereva aliyemfikisha salama siku zote ni yule aliyepiga honi. Nilimwambia usukani huu hauna honi. Akasikitika sana. Alisema basi hilo siyo gari.

Jumanne, 10 Juni

Nampenda Evaristi kuliko jana. Amekula migebuka iliyokaangwa kwa mawese, akanichagulia minofu yote, yeye akabaki na vichwa. Nani mwingine duniani ana mume wa vichwa?

Mpango mpya. Mashine inaweza kukuonyesha mzunguko bora wa mtu mwingine. Linatokea gari jeupe la kupenyeza mwanga, linakimbia mbele yako kama kivuli, linafanya kila kitu alichofanya mwenyewe siku ile. Nimewasha kivuli cha Divine. Nilidhani ni rahisi: naushika mkia wa wifi yangu, kona ya mwisho nampita.

Tulianza pamoja. Nikamsalimia. Kufika kona ya kwanza hayupo.

Mara ya kumi na tano nilimwona kidogo, kwenye kona ya tatu, lakini ni kwa sababu yeye alikuwa anamaliza njia upande wa pili wa uzio. Mama Therese alisema mtoto wake alikuwa hivyo hivyo tangu utotoni, ukimtuma sokoni anarudi kabla hujamaliza kusema kiasi cha chumvi.

Jambo la ajabu: Divine anapunguza mwendo mapema mno. Kabla hata kona haijafika yuko kwenye breki. Uoga mtupu. Mimi naingia na moto wangu wote, na nikiwa katikati ya kona ndipo nakanyaga breki, na huko ndiko majani yalipo.

2:09.

Divine mwenyewe aliingia na uji wakati kivuli chake kinakimbia kwenye televisheni. Nilitupa kitenge juu ya skrini. Aliweka kikombe. Akauliza kama nimelala vizuri. Nikasema sana. Kitenge kikawa kinanguruma. Akasema ninywe ungali moto, akatoka.

Nadhani hajashuku.

Jumatano, 11 Juni

Umeme umekatika kutoka asubuhi hadi saa saba. Nimetumia muda huo kwa mazoezi ya akili. Nimekaa kwenye kiti, nimeshika usukani, nimefumba macho, nimezunguka njia nzima kichwani. Kichwani nilipata 1:30. Mama Therese aliyekuwa amekaa nyuma yangu alisema hakusikia tofauti yoyote, isipokuwa kwamba mara hii hatukugonga.

Umeme uliporudi: 2:02.

Kisha nikavumbua! Kati ya kona ya nne na ya tisa kuna uwanja wa majani. Watu wote wanauzunguka. Kwa nini? Kwetu Kibondo, shamba likiwa limevunwa, nani anazunguka? Nikakata katikati. Gari liliruka, likatua, likaendelea. 1:21!

Nililia. Mama Therese naye akalia, kwa sababu nilikuwa nalia. Nikamkumbatia. Tukaangalia skrini tena, na chini ya 1:21 kulikuwa na neno jekundu. Nilimsomea Mama: batili. Akauliza nani kasema. Nikasema mashine. Akauliza mashine ilikuwa wapi sisi tulipokuwa tunapita.

Jioni Evaristi alirudi na plasta kwenye nyusi. Anapendeza na nyusi nyeupe. Nimeona atakavyokuwa mzee, na nimempenda na mzee huyo pia. Ameniambia kwamba Hilali alipita kupima mlango na kuomba, kama inawezekana, jina liwe fupi. Evaristi alimwambia jina linaandikwa na saa, siyo na yeye.

Nimejaribu kumshika bega na kumuuliza kama sheria hiyo inaweza kulegea kwa ajili ya mtu fulani. Alicheka, akasema angekuwa anabadilisha sheria kwa ajili ya mtu, wateja wasingekanyaga tena. Halafu akasema yeye mwenyewe angependa jina langu, lakini siyo la kupewa.

Mwanamume wa haki. Inaudhi sana.

Alhamisi, 12 Juni

Leo sitaandika kwa kirefu kwa sababu nina aibu.

Asubuhi 2:00. Mchana 2:00. Saa tisa 2:00 tena. Parachichi zimeisha kudondoka.

Nikafikiri: kama muda hauwezi kubadilika, jina linaweza. Kwenye mashine kuna sehemu ya majina ya madereva. Unabonyeza jina, unaandika jingine. Nikambadilisha Divine akawa Esperance, na Esperance akawa Divine. Ubao ukasoma: ESPERANCE 1:38. DIVINE 2:00. Sijawahi kuona maandishi mazuri kama hayo. Niliyaangalia kama picha ya harusi. Mama Therese hakuwepo, alikuwa amekwenda kwenye kwaya. Nadhani angekuwepo nisingethubutu.

Divine akaingia na ugali wa muhogo na maharage. Kitenge kilikuwa mbali. Aliangalia ubao. Hakuweka sinia chini. Akiwa bado amelishikilia kwa mkono mmoja, alinyoosha kidole kidogo cha mkono wa pili, akabonyeza mara nne, majina yakarudi mahali pake.

Akasema, “Kula, wifi, yatapoa.”

Alipofika mlangoni alisimama. Sikumtazama. Akasema, bila ukali wowote, kama mtu anayesema mvua haitanyesha:

“Breki ni kabla ya kona. Ukiwa ndani ya kona umeshachelewa.”

Akaondoka. Nimekula maharage yote huku machozi yakiingia humo. Yalikuwa matamu. Hilo nalo linaudhi.

Ijumaa, 13 Juni

Sikuwa na mpango mwingine, kwa hiyo nilifuata maneno ya Divine, ili tu nithibitishe kwamba ni mabaya.

Nilianza saa mbili asubuhi. Breki mapema. Gari likawa la mzee. Mama Therese alisema hatimaye tunasafiri kama watu wenye mizigo. Niliona hata aibu, nilipita kona polepole kiasi kwamba ningeweza kuwasalimia watu pembeni. Nikamaliza mzunguko bila kugusa jani hata moja, nikatazama saa nikitegemea dakika tatu.

1:55.

Nilifikiri mashine imeharibika. Nikarudia. 1:53. Tukala. 1:51. Mama Therese akasinzia kwenye kigoda, jambo ambalo halijawahi kutokea tangu Jumatatu. Siku zote hizo alikuwa ameshika ukuta. Saa kumi jioni: 1:47.

Moja arobaini na saba! Nimetafakari sana sababu yake. Ni manukato. Leo asubuhi nilijipaka yale ya harusi, aliyoninunulia Evaristi, na harufu yake ilinipa utulivu wa moyo. Kesho nitajipaka mara mbili.

Zimebaki sekunde tisa tu na asubuhi nzima.

Jumamosi, 14 Juni

Naandika nikiwa nje! Kwenye kigoda, uani, juani, mwanamke huru. Lakini niandike kwa mpangilio.

Saa mbili asubuhi nilimwambia Evaristi kila kitu. Alikaa kitandani. Akaniomba nirudie ule muda. Nikarudia. Masikio yake yakawa mekundu kama siku ya harusi. Alisema nina mpaka saa sita, kwa sababu Hilali ameshafika kibandani na kuchanganya rangi, na kwamba yeye atakaa kando asiseme neno, maana ni mwamuzi. Divine naye aliitwa awe shahidi. Alikaa kwenye kona ya kitanda, akimenya njugu.

Nilijipaka manukato mara mbili. Evaristi alipiga chafya.

1:49. 1:48. Nje ya njia. 1:48. Kugonga. 1:47. Saa zikakimbia. Mama Therese alikuwa anaingia na kutoka kwa sababu wapishi walikuwa wanamwita, na kila alipoingia aliuliza tumefika wapi. Kugonga tena. Saa tano na nusu. Nikawaza Shangazi Dorcas kwenye basi, akikaribia, na lile bango bado jeupe.

Saa sita kasoro dakika tano nikaanza mzunguko ambao haujawahi kuwapo. Kona ya kwanza safi. Ya tatu safi. Ya sita niliipita kama maji. Divine aliacha kumenya. Kona ya kumi, safi. Ikabaki moja tu na mstari.

Mlango ukafunguka. Ndugu zangu! Basi liliwahi. Shangazi Dorcas mbele, kikapu kichwani, wanawake kumi nyuma yake, vigelegele chumba kizima. Na mimi nimelelewa. Shangazi zako wakiingia kukutwikurura, bibi harusi unainamisha macho. Hufikirii. Shingo inajua yenyewe.

Nikainamisha macho.

Nikayainamisha kwa adabu kamili, mpaka kidevu kikagusa kifua, nikiwa kwenye mwendo wa mia na sitini. Nilisikia tu gari likiingia ukutani. Shangazi Dorcas alisema, kwa fahari kubwa, kwamba ndoa haijaniharibia heshima.

Saa sita ikagonga. Evaristi alizima mtambo mwenyewe. Alinishika mkono mbele ya watu wote, na watu wakapiga vigelegele wakidhani ni sehemu ya sherehe.

Wakanitoa nje. Walinipunguza nywele kidogo kama inavyotakiwa, wakanikabidhi jembe na chungu, nikawagawia wageni chakula kwa mikono yangu. Ilikuwa nzuri mno. Nilicheza. Nililia kidogo, lakini siku hiyo kulia kunaruhusiwa, hakuna anayeuliza ni kwa sababu ipi.

Jioni tuliwasindikiza stendi. Bango lilikuwa limekauka. Herufi nyekundu, kubwa kama sufuria: DIVINE. Hilali alisema ni jina zuri kuandika. Shangazi Dorcas alisimama chini yake, akasoma, akaniuliza Divine ni nani.

Nilijiandaa kuumia. Badala yake nikasikia mdomo wangu ukisema:

“Ni wifi yangu, Shangazi. Hakuna anayemfikia Kasulu hii. Nimekimbia nyuma yake siku nne, sijaona hata taa zake.”

Shangazi alilisoma bango mara ya pili. Akasema kumbe nimeshapata mtu wa kukimbia naye. Akapanda basi, na safari hii hakulia.

Jumapili, 15 Juni

Kanisani na mume wangu! Tumekaa benchi moja. Tumeshika kitabu kimoja cha nyimbo ingawa viko viwili.

Baada ya ibada nilimlalamikia Evaristi kwamba jana vigelegele vilininyima jina langu. Akasema kwa upole kwamba kabla ya kona ya mwisho saa ilikuwa imeshafika 1:40. Hizo ni hesabu ndogo ndogo za mwamuzi. Sikubishana.

Divine alitukuta njiani. Nilimwomba radhi kwa mambo ya Alhamisi. Alisema amesahau, kisha akanieleza alipobonyeza ili nisihangaike tena, kwa hiyo hakusahau. Akaniuliza nimecheza saa ngapi kwa wiki nzima. Tulipiga hesabu, zikawa kama arobaini.

“Na mimi nilikuwa 1:47 kwenye saa arobaini,” alisema. “Nikajiona malaika. Hizo sekunde tisa zilizobaki, wifi, zilinila saa mia nne.”

Akasema kama nataka, kibandani, kila Alhamisi jioni, atanifundisha kona moja kwa mwezi. Kona kumi na moja, miezi kumi na moja. Akasema nina miguu mizuri ya breki. Nilimkumbatia mpaka kitambaa chake kikaanguka. Sasa nina mume na dada katika wiki moja!

Lakini miezi kumi na moja? Mchana huu nimekaa na kalamu nikalitazama jambo hili kwa utulivu, na nimegundua kosa la Divine: hajui hesabu. Jumapili iliyopita nilikuwa 3:20. Ijumaa nilikuwa 1:47. Nimepunguza sekunde tisini na tatu kwa siku tano. Nikipunguza tisini na tatu nyingine kwa siku tano zijazo, Ijumaa nitamaliza mzunguko mzima kwa sekunde kumi na nne.

Nimemtumia Hilali ujumbe aje Jumamosi na rangi nyekundu, na aanze kuzoea herufi tisa. Evaristi amesoma juu ya bega langu. Anasema kwa sekunde kumi na nne hata gari lenyewe halifiki kona ya pili. Hajanijua bado. Tumeoana wiki moja tu.